Ripoti za Zamu: Simulizi ya Wauguzi Wawili

6 Januari

Nimenunua kaunta buku mpya leo. Nitaandika humu kama tulivyoandika ripoti ya zamu wodini: nani kaingia, hali yake ikoje, kapewa nini, na nini kimeachwa kwa wanaoingia usiku. Nimestaafu uuguzi mwaka wa tatu sasa, lakini mkono bado unapenda kuandika hivyo.

Chanzo cha kazi hii ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo ninachofundisha siku mbili kwa wiki. Mwezi Novemba aliniuliza mbele ya darasa zima: "Sista, muuguzi akitoka wodini, anabaki na nini?" Nikamjibu habari za pensheni na kiinua mgongo, akashukuru na kukaa. Nilipofika nyumbani nikaona nimemjibu swali ambalo hakuuliza.

Kwa hiyo natengeneza simulizi tano za sauti, kila moja ya dakika ishirini hivi, wanafunzi wazisikilize kwenye simu wakiwa ndani ya daladala. Darasani tunamtaja Florence Nightingale, mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, na taa aliyozunguka nayo wodini usiku, kisha tunafunga kitabu. Nataka wamsikie muuguzi aliyekuwa na maisha marefu baada ya taa. Nimemchagua Elsie Knocker, Mwingereza aliyehudumia majeruhi wa Ubelgiji katika Vita Kuu ya Kwanza na kutoka vitani akiwa mke wa baroni, mtu mwenye cheo cha kurithi cha Ulaya. Kijana wa mtaani kwetu anayerekodi kwaya atanisaidia upande wa sauti.

14 Januari

Simulizi ya kwanza imeandikwa, kurasa sita. Utoto nimeupitisha haraka. Elsie alizaliwa tarehe 29 Julai 1884 mjini Exeter, akiitwa Elizabeth Blackall Shapter. Baba yake alikuwa daktari. Mama alifariki Elsie akiwa mdogo sana, baba akafuata kwa kifua kikuu, na mtoto akalelewa na familia ya mwalimu wa Marlborough. Alijifunza uuguzi katika hospitali ya watoto huko Sevenoaks. Mwaka 1906 aliolewa na Leslie Knocker wakahamia Singapore, mwaka uliofuata akajifungua mtoto wa kiume, Kenneth, na ndoa ikavunjika. Akarudi Uingereza na kusomea ukunga katika hospitali ya Queen Charlotte's, London.

Hapo kwenye talaka nimekaa siku mbili nzima. Uingereza ya wakati ule mwanamke aliyeachika aliangaliwa kama mwenye ila, hata kama kosa si lake. Elsie akachagua kuwaambia watu kwamba mumewe amefariki. Kiswahili kinanisaidia, maana tuna maneno mawili yanayokaa mbali kabisa: mjane na mtalaka. Mjane anapikiwa na majirani. Mtalaka anasemwa kisimani. Nimeandika hivi: "Alikuwa mtalaka, akajiita mjane." Sentensi fupi, lakini itakuja kumdai huko mbele, na nataka msikilizaji aibebe.

Kingine kilichonifurahisha ni pikipiki. Mkunga, mama wa mtoto mmoja, na bingwa wa kuendesha pikipiki katika miaka ambayo wanawake wengi walikuwa wakikatazwa hata baiskeli. Ndiko alikokutana na Mairi Chisholm, binti wa Kiskoti aliyekuwa na miaka 18 vita vilipoanza. Elsie alikuwa na 30. Kijana wa sauti aliposoma hapo akasema, "Sista, hawa mabibi walikuwa bodaboda." Nimemwambia tutaweka mlio wa injini.

2 Februari

Wiki mbili nimekuwa Pervyse, kijiji cha Ubelgiji alikohudumu Elsie vitani. Hii ndiyo simulizi ya pili na ndiyo moyo wa kazi yote, naandika na kufuta.

Elsie na Mairi walivuka bahari mwishoni mwa Septemba 1914 wakiwa na kikosi cha magari ya wagonjwa cha Dakta Hector Munro. Ubelgiji ilikuwa imekwisha kumezwa karibu yote. Jeshi la Wabelgiji lilirudi nyuma hadi mto Yser, na mwishoni mwa Oktoba wakafungua milango ya maji kule Nieuwpoort wakati bahari imejaa, maji ya chumvi yakatambaa mashambani na kumzuia Mjerumani. Wabelgiji wakajibanza nyuma ya tuta la reli. Kijiji cha Pervyse kilikuwa papo hapo kwenye tuta, nyumba zimebomolewa na mizinga.

Kazi ya kikosi ilikuwa kuwachukua majeruhi mbele na kuwakimbiza hospitali, maili kadhaa za barabara yenye mashimo. Elsie akaona jambo ambalo kila muuguzi wa ajali analijua hata leo: watu walikuwa wakifia ndani ya gari, wengine wakiwa na vidonda ambavyo peke yake visingewaua. Mshtuko ndio uliowaua. Mtu amepoteza damu, ana baridi, amelowa, moyo unakwenda mbio, halafu anarushwarushwa juu ya mawe kwa saa nzima. Elsie akasema: kwanza tumlaze, tumpe joto, tumzuie damu, apumzike, ndipo asafirishwe. Na mahali pa kumlaza ni karibu kabisa na mapigano, maana kila dakika inahesabika.

Wakubwa hawakulipenda wazo hilo. Wanawake wawili mstari wa mbele! Lakini mwezi Novemba 1914 wakaingia wenyewe kwenye chumba cha chini ya nyumba iliyovunjika pale Pervyse, umbali wa kama uwanja mmoja wa mpira kutoka mahandaki. Walilala juu ya majani makavu, na nguo hawakuzivua. Chawa waliwasumbua kama walivyowasumbua askari. Asubuhi walipika supu na kinywaji cha chokoleti moto na kuwapelekea walinzi mahandakini, na usiku wakitoka na machela. Fedha za kuendesha kituo walizitafuta wenyewe, wakirudi Uingereza mara kwa mara kuzungumza kwenye kumbi na kuchangisha. Magazeti yakawapenda, wakaitwa mabibi wa Pervyse. Nyumba ilipopigwa walihamia nyingine, na ilipopigwa hiyo wakahamia ya tatu.

Hivyo walikaa kwa zaidi ya miaka mitatu.

Nimefanya kazi katika kitengo cha majeruhi miaka kumi na moja, najua uchovu wa zamu moja mbaya. Kwa hiyo nimekataa kuisimulia Pervyse kama hadithi ya ushujaa ya kupigiwa makofi. Nimeisimulia kama utaratibu wa kazi: maji yalichemshwa wapi, nani alishika taa, majeruhi alilazwa upande gani wa ngazi, gari lilisubiri kwa muda gani. Mwanafunzi akisikia utaratibu ataelewa ushujaa bila mimi kuutaja.

Mwaka 1917 wote wawili walipewa Nishani ya Kijeshi ya Uingereza. Rubani wa Kijerumani alikuwa ameanguka na ndege katikati ya majeshi mawili, amejeruhiwa, na wao wakatoka chini ya risasi kumfuata. Adui. Hapa nitaweka kimya cha sekunde nne. Kijana wa sauti anasema kimya cha sekunde nne msikilizaji atadhani simu imezima. Nimemwambia aiache hivyohivyo.

Jambo jingine nimeliongeza kwa ajili ya wanafunzi wanaotoka Tabora na Kigoma. Mfalme Albert, aliyempa Elsie nishani ya Ubelgiji, alikuwa pia mtawala wa Kongo. Septemba 1916, wakati Elsie yumo shimoni kule Pervyse, jeshi la mfalme huyohuyo, askari wake wengi wakiwa Wakongo na mizigo ikiwa vichwani mwa wapagazi, liliingia Tabora tarehe 19. Vita ilikuwa moja. Wapagazi wetu nao walikufa kwa kuhara na homa kwa maelfu, na shimo la kuwalaza hawakuwa nalo. Nimeliandika kwa maneno machache, katikati ya simulizi, bila muziki.

9 Februari

Mvua, umeme ukakatika mara tatu. Dakika kumi na nne za rekodi zimepotea. Tutarudia Jumamosi.

17 Februari

Simulizi ya tatu: ndoa na cheo. Nimekwama kwenye neno.

Mwezi Januari 1916 Elsie aliolewa na Baroni Harold de T'Serclaes, rubani wa jeshi la Ubelgiji. Kutoka siku hiyo magazeti yalimwita kwa cheo cha ubaroni. Sasa nimwite nani kwa Kiswahili? Nikisema "mke wa baroni" namfanya kivuli cha mume, na yeye ndiye mhusika. Nikisema "bibi mkubwa" wanafunzi watafikiria mama mkwe. Pwani yetu ilikuwa na neno lake la heshima kwa mwanamke wa ukoo, Mwana, kama tunavyomtaja Mwana Kupona wa Pate hadi leo. Niliandika "Mwana Elsie" nikaisoma kwa sauti, ikapendeza sana sikioni. Nimeifuta. Mwana wa kwetu ana ukoo nyuma yake, watu wanaomjua babu na bibi. Elsie alikuwa yatima aliyelelewa na mwalimu, na cheo alikipata kwa harusi ya vitani. Kumpa Mwana ni kumpa jamaa ambao hakuwa nao. Nimeamua atabaki Elsie katika simulizi nzima, na cheo kitatajwa pale tu wengine wanapomwita.

Gesi ya sumu ilikifikia kituo mwezi Machi 1918, Elsie akaumia vibaya na kurudishwa Uingereza. Mwaka huo kazi ya Pervyse ikaisha. Na hapo ile sentensi ya simulizi ya kwanza ikarudi na deni lake. Baroni na ukoo wake walikuwa Wakatoliki. Ilipojulikana kwamba mume wa kwanza hakufa, kwamba kulikuwa na talaka, ndoa ikafa. Urafiki na Mairi nao ulikatika baada ya vita, baada ya miaka yote ile ya kulala bega kwa bega. Cheo akaendelea kukitumia hadi mwisho wa maisha. Mume na rafiki walikwenda, na yale majina marefu yakabaki.

Nilipokuwa nasoma hapa kwa mara ya kwanza mbele ya kinasa sauti, koo ilinikaba. Tumeiacha.

25 Februari

Nimempelekea Mama simulizi tatu za kwanza. Mama ana miaka 81, anaona kwa shida lakini masikio ni mazima. Alikuwa muuguzi mkunga wa zahanati kwa miaka ishirini na miwili, kisha diwani wa viti maalumu kwa vipindi viwili. Nilimwamkia, nikaweka simu juu ya meza, tukasikiliza zote tatu mfululizo pamoja na chai. Kwenye rubani wa Kijerumani alitikisa kichwa na kusema, "Huyo ni nesi." Ilipoisha ya tatu akauliza:

"Kisha?"

"Kisha vita vikaisha, Mama."

"Vita vikaisha, yeye alikuwa na miaka mingapi?"

"Thelathini na nne."

"Basi ndio kwanza. Kisha?"

Nikamweleza niliyonayo. Mwaka 1926, wakati wa mgomo mkuu wa wafanyakazi Uingereza, alifungua kituo cha huduma ya kwanza Poplar, mashariki ya London. Alipewa nyumba ndogo kule Ashtead, kwenye makazi ya watu waliotumikia vita, akaipa jina la Pervyse. Vita vya Pili vilipokuja alijiunga na jeshi la anga, upande wa wanawake. Mwanawe Kenneth alikuwa afisa wa jeshi la anga, na Julai 1942 ndege yake ilidunguliwa juu ya Uholanzi akafa. Mwaka huohuo Elsie akaacha jeshi. Aliishi hadi tarehe 26 Aprili 1978, miaka 93, katika nyumba ileile.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo limeibadilisha kazi yangu yote: "Huyu alijua kuokoa mtu shimoni. Lakini shimo lilipofukiwa, hakuna aliyempa meza ya kukaa. Wewe mwanafunzi wako alikuuliza nini?"

Nimerudi nyumbani na maswali yake. Simulizi ya nne na ya tano nilikuwa nimezipanga ziwe miaka sitini ya mwisho ya Elsie. Nimezivunja. Elsie nitamfunga kwa heshima mwanzoni mwa ya nne, na baada yake ataingia mwingine.

8 Machi

Nimempata. Angela Trotter, aliyezaliwa Agosti 1897, baadaye akajulikana kama Ledi Limerick. Jina nililiona zamani katika vitabu vya Msalaba Mwekundu lakini nililipita, kwa sababu lilikaa kama jina la mgeni rasmi wa kukata utepe.

Sehemu kubwa ya utoto wake ilikuwa Romania, ambako baba yake alikuwa mwakilishi wa Uingereza. Mwaka 1915 akajiunga na vikosi vya wauguzi wa kujitolea, wale waliopewa mafunzo mafupi ya huduma ya kwanza na uuguzi wa nyumbani, wakasaidia mahospitalini chini ya masista waliosomea. Sheria ilitaka msichana wa kwenda ng'ambo awe na miaka 23. Yeye alikuwa bado hajafika ishirini. Akaongeza umri, akaenda Ufaransa.

Tazama basi, wauguzi wangu wawili wote waliingia vitani kwa kusema uongo juu ya nafsi zao. Mmoja alificha talaka, mwingine alificha utoto. Wa kwanza uongo ulimfuata hadi ndani ya ndoa. Wa pili ulimtoka wenyewe kwa kukua tu. Sitalitolea hukumu katika simulizi, ila nitayaweka karibu.

Baada ya vita Angela alifanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko nishani. Alikwenda shule. Alisoma sayansi ya jamii katika chuo cha uchumi cha London, akitaka kujua kwa nini watu maskini wanaugua wanavyougua. Mwaka 1926 akaolewa na Edmund Pery, na mwaka 1929 kaka yake Edmund wa baba mmoja alipofariki, Edmund akarithi cheo cha Limerick. Angela akawa Ledi. Mwaka huohuo 1929 akawa diwani wa Kensington.

Mwaka mmoja, cheo na udiwani. Nimeuandika mwaka huo kwa kalamu nyekundu.

15 Machi

Kutwa nzima kwa Mama, nikimtumia kama mwalimu wa simulizi ya nne.

Shida niliyokuwa nayo ni kwamba shimo la Pervyse lina milio ya mizinga, na ukumbi wa baraza una milio ya viti. Nitamshikaje mwanafunzi aliyeko kwenye daladala kwa habari za kamati? Mama akaona swali lenyewe ni la kitoto. Akanieleza kikao cha bajeti alichokaa mwaka wake wa pili wa udiwani, walipojadili taa za sola za wodi ya wazazi. Alijifungulisha wanawake kwa mwanga wa koroboi miaka mingi, mmoja alifia mikononi mwake kwa sababu hakuona damu ilikuwa inatoka wapi. Kwenye kikao mstari wa taa ulikuwa umeandikwa chini kabisa, baada ya samani za ofisi. Hakupiga kelele. Aliinua mkono akauliza swali moja: "Mheshimiwa mwenyekiti, kiti hiki kinazalisha?" Mstari ukapanda.

"Diwani hafungi kidonda," akaniambia. "Diwani anauliza kwa nini bendeji haijafika."

Nikaandika simulizi ya nne jioni hiyohiyo. Kensington ya Angela ilikuwa na nyuso mbili. Kusini kulikuwa na majumba, makumbusho na bustani. Kaskazini, kule Notting Dale, familia nzima ililala chumba kimoja chenye unyevu. Angela alikuwa msimamizi wa misaada ya maskini kuanzia 1928, na mabaraza ya zamani ya misaada hiyo yalipofutwa mwaka 1930, hospitali za maskini za London zikahamia chini ya baraza kuu la jiji. Yeye akabaki kwenye baraza la Kensington hadi 1935, akiongoza kamati za afya na za uzazi na watoto.

Kamati hizo zilifanya nini? Hapa nimekaa, na nimekaa kwa makusudi. Sheria ya mwaka 1918 iliyapa mabaraza ya Uingereza nguvu ya kuweka kliniki za mama na mtoto. Mabaraza yaliajiri wauguzi wa kutembelea nyumba, yakapanga maziwa ya wajawazito na wachanga, yakaweka siku ya kupima uzito. Mwanafunzi wangu anaijua kliniki. Ameshika kadi, amening'iniza mtoto kwenye mzani, ameona mstari ukipanda au ukishuka. Anafikiri kliniki imekuwako tangu dunia iumbwe. Nataka ajue kwamba mahali pote ilipo, kuna mtu aliyekaa kwenye kikao kirefu cha kuchosha akabishania gharama ya maziwa. Muuguzi aliyewahi kuona mgonjwa anakufa ndiye anayefaa kukaa kwenye kiti hicho, maana namba iliyoandikwa mbele yake ina sura ya mtu.

Maneno ya Angela mwenyewe kwenye vikao sikumtungia. Nimemweka Mama aseme kwa sauti yake mwenyewe habari ya taa, dakika mbili, katikati ya simulizi ya nne. Kijana wa sauti alikwenda kwake na kipaza sauti, akarudi na mahindi mabichi.

16 Machi

Mama kapiga simu saa kumi na mbili asubuhi. Anataka sehemu ya samani za ofisi iondolewe, mwenyekiti wa wakati ule bado yuko hai na ni jirani. Nimemwahidi jina halimo na mahali hapatajwi. Kakubali ibaki.

30 Machi

Simulizi ya tano ilikuwa nyepesi kuandika na ngumu kuikata, ina mambo mengi mno. Nimechagua matatu.

La kwanza ni baraza la jiji la London, alikoingia mwaka 1936 kwa niaba ya South Kensington na kukaa hadi 1946. Hapo nimepita upesi, dakika mbili, kwa kuwa kazi ya diwani wamekwisha kuielewa.

La pili ni vita. Vilipokuja tena mwaka 1939 Angela hakuvaa aproni, na nafikiri hapo ndipo alipomaliza kukua. Alishika uongozi. Kuanzia 1941 hadi 1947 alikuwa naibu mwenyekiti wa chombo cha pamoja cha Msalaba Mwekundu na shirika la huduma ya kwanza la Mtakatifu Yohana, kilichotuma vifurushi vya chakula takriban milioni 20 kwa mateka wa vita. Fikiria kifurushi kimoja: chai, maziwa ya kopo, nyama ya kopo, biskuti, sabuni, kikiwa kimefungwa kwa uzi. Kila kimoja kinapaswa kuvuka mpaka wa adui kwa ruhusa ya adui. Elsie alimwendea rubani mmoja kwa miguu. Angela aliendesha njia ya kuwafikia watu asiowaona kamwe. Nimemwambia kijana wa sauti aweke mlio wa karatasi ya kufungia, si mizinga.

La tatu ni mwaka 1965. Mkutano wa kimataifa wa Msalaba Mwekundu uliofanyika Vienna ulizitangaza kanuni saba za msingi, zilezile ambazo klabu ya Msalaba Mwekundu chuoni kwetu imezibandika ukutani. Mwaka huohuo Angela akawa mwenyekiti wa Tume ya Kudumu ya Msalaba Mwekundu wa kimataifa, akaishika hadi 1973. Kanuni ya kwanza ni ubinadamu, ya pili ni kutopendelea. Mwanafunzi anazikariri kwa ajili ya mtihani. Nimerudi kwa sekunde chache tu kwenye simulizi ya pili, kwa rubani aliyeanguka, nikaacha kanuni ya pili isomwe na msichana wa darasani kwangu juu ya kimya kilekile cha sekunde nne.

Cheo cha Limerick nacho nimekitendea haki, nadhani. Mwanzoni nilitaka kukificha, nikiogopa kwamba wanafunzi wa kwetu watamwona kama mke wa tajiri aliyekuwa na nafasi ya kujitolea. Nafasi alikuwa nayo kweli, na simulizi inasema wazi kwamba mwanamke wa Notting Dale asingeweza kukaa kwenye kamati mchana mzima bila mshahara. Lakini wenye nafasi kama yake walikuwa wengi, na kiti cha kamati ya maziwa kilikuwa wazi kwa wote.

12 Aprili

Jaribio la kwanza. Wanafunzi 23 wamesikiliza simulizi zote tano kwa wiki moja. Tumekaa chini ya mwembe wa chuo baada ya mafunzo ya vitendo, nikaandika wanayosema.

Wengi wanataka Pervyse iwe ndefu zaidi. Nimekataa. Wavulana wawili wamependa pikipiki. Mmoja amesema simulizi ya nne ilimsinzisha hadi pale sauti ya Mama ilipoingia, na hiyo nimeipokea: maelezo ya sheria ya 1918 nitayapunguza kwa nusu dakika na kumtanguliza Mama. Jina Pervyse nalitamka kwa namna mbili tofauti katika simulizi ya pili na ya tatu, itabidi nirudie sentensi sita.

Msichana mmoja amelia kwa ajili ya Elsie na Mairi, akauliza kama walipatana kabla ya kufa. Nikamwambia hapana. Akasema, "Sista, kwa nini hakumwambia ukweli mapema, kule shimoni, walipokuwa wawili tu?" Darasa likagawanyika, tukabishana hadi kengele ya chakula.

Yaliyoachwa kwa zamu inayofuata: kurudia sentensi sita, kukata nusu dakika, kurekebisha sauti ya mvua inayosikika nyuma ya simulizi ya tatu, na kumpelekea Mama nakala kwenye kadi ya kumbukumbu kwa ajili ya redio yake ndogo.

Yule aliyeniuliza swali la Novemba hakusema neno mchana kutwa. Nilikuwa nafunga begi alipokuja, akasimama pembeni, akauliza kwa sauti ya chini: ile fomu ya udiwani huchukuliwa wapi, na je, mtu akiwa bado kazini anaruhusiwa? Nikampa namba ya Mama.